Rambirambi zinapoishia mlangoni, mtoto hubaki na deni

MTU akifiwa huambiwa pole, naye hujibu asante. Anayepalilia mahindi kando ya njia huambiwa pole na kazi, naye hujibu vilevile bila kuweka jembe chini. Mazoea haya yamekuwa makubwa kiasi kwamba hakuna anayejiuliza inakuwaje mtu atoe shukrani siku aliyopoteza mume, mama au ng'ombe wa pekee aliyekuwa zizini.

Katika kata ya Nyamigogo, kwenye ukanda wa wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, kama ilivyo katika vijiji vingine vingi nchini, sehemu kubwa ya jibu imo kwenye daftari. Msiba ukitokea, huwekwa meza ndogo na mtu mwenye mwandiko unaosomeka huketi hapo. Kila anayefika huandikwa jina na alichotoa: shilingi 2,000, debe la mahindi, kilo tatu za maharage, mzigo wa kuni. Waliochota maji au kuchimba kaburi mara nyingi hawaandikwi, lakini wafiwa huwakumbuka kwa majina.

Daftari hilo la rambirambi ni orodha ya shukrani. Ni orodha ya madeni pia. Jirani akipatwa na msiba, wenye daftari hulifungua, wakatazama ukurasa wake, kisha wakaenda wakiwa na kiasi kisichopungua kile alichowaletea. Hakuna anayetumiwa barua ya kudaiwa, na ni wachache wanaothubutu kukwepa.

Mtaalamu wa uchumi angeiita hiyo bima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu vyama vya mazishi nchini Ethiopia na katika kijiji cha Nyakatoke, upande wa Bukoba, ulionyesha kuwa vyama hivyo vina kanuni zinazoeleweka, vina wanachama wanaojulikana na vinalipa pale vinapotakiwa kulipa. Baadhi vilikuwa vimeanza kuwasaidia wanachama katika shida nyingine pia, kama vile kulazwa hospitali. Kwa maneno mengine, watu wanaohesabiwa kuwa hawana bima wamekuwa nayo kwa miaka mingi, ila haina jengo wala kibao cha kampuni.

Tatizo la bima hiyo ni muda wake. Inalipa siku ya kifo na siku chache zinazofuata. Tanga likishaanuliwa, daftari hufungwa na kuwekwa juu ya kabati. Hasara kubwa zaidi, kwa ushahidi uliopatikana Kagera kwenyewe, huanzia hapo.

MKOA ULIOHESABIWA

Ni mikoa michache ya Afrika ambayo misiba yake imehesabiwa kwa makini kama Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Wakati huo wananchi waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiingia kupitia biashara ya mpakani na Uganda. Miaka iliyofuata ilikuwa ya makaburi. Wazazi walizika watoto wao wakubwa, na mabibi walirudia kulea wakiwa na nguvu za kupalilia nusu ya shamba.

Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na watafiti wa Chuo cha Muhimbili waliendesha uchunguzi wa afya na maendeleo katika kaya 915 za mkoa mzima, Ngara na Biharamulo zikiwemo. Swali lilikuwa moja: mtu mzima akifa, wanaobaki wanakuwaje? Kazi hiyo ingeweza kuishia kwenye makabrasha kama nyingine nyingi. Haikuishia huko. Mwaka 2004, na tena mwaka 2010, watu walewale walitafutwa popote walipokuwa, wengine wakiwa wamehamia Mwanza, Dar es Salaam au nje ya nchi. Watoto waliohojiwa mwaka 1991 walikutwa wakiwa na watoto wao.

Kwa hiyo yapo majibu ambayo hayatokani na hisia za siku ya mazishi.

La kwanza linahusu mfuko wa kaya. Watafiti Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waligundua kuwa kaya iliyofiwa na mtu mzima ilishuka matumizi yake kwa asilimia 7 katika miaka mitano ya mwanzo baada ya kifo. Kaya iliyokuwa ikitumia shilingi 200,000 kwa mwezi ingebaki na 186,000. Inaonekana si nyingi. Lakini katika kipindi hicho kaya nyingine zilikuwa zinapanda, hivyo pengo kati ya kaya iliyofiwa na kaya ya kawaida lilifikia pointi 19 za asilimia katika ukuaji wa matumizi. Baada ya miaka hiyo mitano dalili za pengo ziliendelea kuonekana, ila hazikuwa na uhakika wa kitakwimu. Kaya nyingi, kwa namna moja au nyingine, zilijikongoja zikasimama.

Pigo lilikuwa kali zaidi pale aliyefariki alipokuwa mwanamke. Hapa wanaume wanaopenda kusema kuwa baba ndiye nguzo ya nyumba wana la kutafakari.

Jibu la pili ni zito kuliko la kwanza. Watafiti hao hao waliwafuatilia watoto 718 ambao mwanzoni mwa uchunguzi walikuwa bado na wazazi wote wawili. Kufikia mwaka 2004, asilimia 19 yao walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote kabla ya kutimiza miaka 15. Mtoto aliyefiwa na mama alikua na kimo pungufu kwa sentimita 2, na alipoteza mwaka mmoja wa masomo akilinganishwa na wenzake waliofanana naye kwa mengine. Upungufu huo haukufutika baadaye. Watu wazima wanaweza kurudisha mfuko wao. Mifupa ya mtoto ina wakati wake wa kukua, na wakati huo ukipita umepita.

MWAKA WA SHULE UNAVYOPOTEA

Ni rahisi kudhani kuwa mwaka huo wa masomo unapotea siku mtoto anapofukuzwa shule. Mara nyingi sivyo. Tuchukue kaya ya mfano, ya mkulima wa ekari tatu mwenye watoto wanne, mama akiwa amefariki mwezi Aprili.

Maharage ya masika yana wiki chache tu tangu yaote. Palizi ya kwanza ingefanywa na mama kwa sehemu kubwa, pamoja na binti wakati wa jioni. Siku za msiba zinapita, magugu hayasubiri. Baba anarudi shambani akiwa amechelewa, na anaanza na mahindi kwa sababu ndiyo chakula. Mavuno ya maharage yanakuwa gunia moja pale ambapo yangekuwa mawili. Maharage hayo ndiyo yaliyokuwa yalipie sare, madaftari na dawa. Mbuzi anauzwa, tena kwa bei ya mwenye shida, maana mnunuzi wa mnadani anazijua habari za kijiji.

Kisha binti wa miaka 12 anaanza kuchelewa shuleni kwa sababu kuna mdogo wake wa miaka miwili. Kwanza ni siku ya gulio, baadaye ni siku ya kuchota maji. Mwalimu anaelewa na anasamehe, kwa huruma. Muhula unapokwisha mtoto ameshakosa siku nyingi, anashindwa mtihani, anarudia darasa au anakata tamaa. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyefanya uovu. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, lakini mtoto wa namna hii hakukwamishwa na ada. Alikwamishwa na kukosekana kwa mikono miwili nyumbani.

Majirani waliojaa kwenye daftari la rambirambi mwezi Aprili wapo palepale. Wangeombwa asubuhi moja ya palizi, wangekuja. Hawakuombwa, kwa kuwa mfiwa aliona wameshatoa vya kutosha na ni aibu kuomba tena.

MWAKA 1994 NA HESABU YA NANI ALISHUKURU

Ukanda huu una msiba mwingine uliohesabiwa, nao ni wa jumuiya nzima. Aprili 28, mwaka 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walianza kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara ndani ya saa 24. Kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa usio na nyumba. Wengine walifuata, kutoka Rwanda na Burundi, hadi Wanyarwanda waliporejeshwa kwao Desemba mwaka 1996. Wenyeji wa Ngara na Biharamulo walioishi miaka hiyo hukumbuka vilima vilivyobaki bila miti na mazao yaliyong'olewa usiku.

Hata hivyo, ukiwauliza wenyeji kama miaka hiyo iliwapa hasara au faida, jibu hutegemea alikosimama anayejibu. Utafiti wa Jennifer Alix-Garcia na David Saah ulionyesha kuwa bei za vyakula ambavyo havikuwa vya msaada, kama vile ndizi, zilipanda sana, wakati vyakula vya aina ile iliyogawiwa kambini vilipanda kidogo. Mwenye migomba alinufaika. Kaya za vijijini karibu na kambi zilionekana kuongeza mali, na kaya za mijini zilizokuwa zikinunua kila kitu zilirudi nyuma. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp walikuta kuwa vibarua wa mashambani waliumia, kwani wakimbizi waligombania kazi zilezile, huku mkulima aliyehitaji vibarua akiwapata kwa bei nafuu.

Maystadt baadaye, akiwa na Gilles Duranton, alitumia takwimu za Kagera hadi mwaka 2010 na kukuta kuwa maeneo yaliyopokea wakimbizi yalibaki na hali bora kwa wastani, hata baada ya kambi kuondoka. Sababu kubwa waliyoitaja ni kupungua kwa gharama za usafiri. Barabara zilizotengenezwa ili malori ya msaada yafike zilibaki, zikabeba mahindi na ndizi za wenyeji. Mfanyabiashara mdogo wa leo anayepakia maharage kwenda mjini anafaidi kitu kilicholetwa na balaa la wengine. Si jambo la kufurahia, lakini ni la kulijua.

Na hapa tena upande wa watoto unakataa kulingana na upande wa mfuko. Javier Baez aliwachunguza watoto wa magharibi ya Kagera waliokuwa wadogo wakati wakimbizi walipoingia. Zaidi ya miaka kumi baadaye walikuwa wafupi kwa sentimita 1.8 kuliko ambavyo wangekuwa, na kiwango chao cha kujua kusoma na kuandika kilikuwa chini. Magonjwa ya kuambukiza ya miezi ile ya mwanzo yalikuwa yamekwisha kusahauliwa na watu wazima. Barabara ilionekana kwa macho, ndizi ziliuzwa, na jumuiya kwa wastani ilisonga mbele. Watoto wale hawakuwemo kwenye wastani huo wa furaha.

Misiba miwili tofauti, mmoja wa nyumba na mwingine wa wilaya, imeleta jibu linalofanana: wanaoshukuru mapema huwa ni wale ambao hasara yao inaweza kurudishwa.

SHUKRANI YENYE KAZI

Huko Marekani, mwaka 2003, wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha jaribio lililosifiwa sana. Waliwataka wanafunzi fulani waandike kila wiki mambo wanayoyashukuru, na wengine waandike yaliyowakera. Walioandika ya shukrani walijiona wana maisha mazuri zaidi na walifanya mazoezi ya mwili zaidi. Wanafunzi wa chuo si wakulima wa jembe la mkono, na mtu aliyefiwa hapaswi kupewa kazi ya kuandika insha. Lakini jaribio hilo linaunga mkono kitu ambacho kila mwenye duka anakijua: kilichoandikwa hakipotei kirahisi kama kilichokumbukwa.

Nyamigogo tayari inaandika. Kinachokosekana ni ukurasa wa pili. Ukurasa wa kwanza unaeleza waliokuja. Wa pili ungeeleza waliobaki: mtoto huyu ana miaka mingapi, yuko darasa la ngapi, nani atamwangalia mdogo wake asubuhi, maharage yana wiki ya ngapi tangu yaote.

Tuseme kikundi cha kuzikana kina kaya 30. Kila kaya ikitoa asubuhi moja ya palizi katika msimu wa kwanza baada ya msiba, mfiwa anapata asubuhi 30 za kazi. Watu 10 wakiingia pamoja, ekari moja ya maharage haiwashindi kwa asubuhi mbili. Hakuna fedha iliyotoka mfukoni kwa mtu. Gunia la pili ambalo lingepotea linabaki, na mbuzi hauzwi kwa bei ya kutupa. Shukrani ya mfiwa nayo inapata njia, kwa sababu msimu unaofuata ataidaiwa asubuhi moja katika shamba la mwingine, deni ambalo hata maskini anaweza kulilipa akiwa ameinua kichwa.

Wapo watakaosema kuwa kufanya hivyo ni kugeuza huruma kuwa biashara. Hoja hiyo haina uzito. Rambirambi zimekuwa zikiandikwa kwa kiasi na jina tangu zamani, na hakuna anayeona haya.

Lipo pia suala la shamba. Hatua ya hatari kwa kaya iliyofiwa ni kuuza ardhi katika mwaka wa kwanza, wakati mawazo hayajatulia na ndugu wa mbali bado wanazunguka. Mjane ndiye anayesukumwa zaidi. Mwaka 1990, Mahakama Kuu mjini Mwanza, chini ya Jaji James Mwalusanya, iliamua kesi ya mwanamke wa Kagera, Holaria Pastory, aliyeuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mpwa wake alidai kuwa mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ilisema haki yake ni sawa na ya mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inabatilisha mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi kisheria. Vitabu vya sheria havijawaondolea wajane bughudha za shemeji, lakini mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji anayeijua kesi hiyo ana cha kushika mkononi.

Zao moja nalo haliwezi kubeba kaya iliyopigwa. De Weerdt, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 2010 kuhusu waliotoka kwenye umaskini Kagera, alikuta kuwa kilimo na biashara ndizo njia kuu zilizowatoa, na waliofanikiwa mashambani mara nyingi walichanganya mazao ya chakula, mazao ya kuuza na mifugo. Kwa mfiwa hilo lina maana ya pekee. Palizi ya zao moja ikikosekana, la pili linaweza kuwa halihitaji mikono mwezi huo. Mihogo inasubiri ardhini. Maharage hayasubiri.

Na kuna wanaoondoka. Wazee wengi huona kijana aliyelelewa na kijiji baada ya kufiwa, kisha akaenda Kahama au Mwanza, kuwa amekosa shukrani. Takwimu za mkoa zinataka wapunguze ukali. Kati ya mwaka 1991 na 2004, ukuaji wa matumizi ya waliohama ulizidi wa waliobaki kwa pointi 36 za asilimia, hata walipolinganishwa na ndugu waliotoka nao nyumba moja. Kijana huyo anayetuma fedha za mbolea kwa simu Septemba, mvua za vuli zinapokaribia, anaandika kwenye daftari lilelile akiwa mbali. Asiyetuma chochote ni habari nyingine, na kijiji kinamjua.

Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na misururu ya mazishi ya miaka ya nyuma imepungua. Mama bado hufariki wakati wa kujifungua, na baba bado hugongwa na lori usiku kwenye barabara ya Rusumo akiwa juu ya pikipiki. Vikundi vya kuzikana vinaendelea kukutana, kusoma mapato na kutoza faini wachelewaji. Katika kikao cha kabla ya shule kufunguliwa Januari, ajenda moja inatosha kuongezwa: kaya zilizofiwa mwaka uliopita, katibu asome majina ya watoto wao wenye umri wa kwenda shule, na kila jina lisomwe pamoja na jina la mtu mzima atakayekwenda kumuulizia kwa mwalimu kila mwisho wa mwezi.